Thomas Paine: afisa ushuru aliyetaka serikali ilipie karatasi na vitabu vya watoto wa maskini

Juzi katika kipindi cha asubuhi tulisoma habari fupi kutoka Marekani. Jimbo la Arizona linawapa wazazi fedha za elimu za serikali, na mzazi anayemsomesha mtoto wake nyumbani anaruhusiwa kuzitumia kununua vitabu na vifaa vya kujifunzia. Habari yenyewe haikufika dakika moja, lakini simu zilizofuata zilitumaliza nusu saa. Wapo waliosema ni jambo jema, kwa kuwa hakuna anayemjua mtoto kuliko mzazi wake. Wapo waliocheka na kuuliza: ukimpa baba fedha ya daftari mkononi, nani atajua kama imefika dukani? Na mama mmoja aliuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake siku ile: wazo hili lilianza na nani?

Wanaolitetea huko Marekani hupenda kutaja majina kadhaa ya zamani, na mojawapo ni Thomas Paine, Mwingereza aliyefariki mwaka 1809. Nimekuwa nikimsoma tangu siku ile. Wanaomtaja wana haki kwa kiasi, ila kuna sehemu ya mpango wake ambayo mara nyingi wanairuka, na sehemu hiyo inaeleweka vizuri zaidi ukiyajua maisha yake.

Paine alizaliwa tarehe 29 Januari 1737, kwa kalenda ya zamani iliyotumika Uingereza wakati ule, katika mji mdogo wa Thetford, mkoa wa Norfolk. Baba yake, Joseph, alikuwa fundi wa kushona yale mavazi ya ndani ya kubana kiuno ambayo wanawake wa enzi hizo walivaa, yaliyokazwa kwa mifupa ya nyangumi. Baba alikuwa muumini wa Quaker, dhehebu ambalo jirani zetu wa magharibi mwa Kenya wanalijua kama Kanisa la Marafiki. Mama, Frances, alikuwa Mwanglikana na binti wa mwanasheria.

Hawakuwa na fedha, lakini walijibana wakampeleka kijana kwenye shule ya sekondari ya mji. Miaka mingi baadaye, tayari akiwa maarufu, Paine aliandika kwamba wazazi wake hawakuweza kumwachia hata shilingi moja zaidi ya elimu waliyompa, na kwamba elimu hiyo iliwatesa kuilipia. Aliyaandika hayo katika sura ileile ya kitabu chake yenye mpango tutakaoueleza hapa chini. Mimi nimekulia katika nyumba ambayo kila Januari mama alikuwa akihesabu madaftari juu ya meza mara mbili, akitumaini yatazidi. Nilipofika kwenye ukurasa huo nilisimama kidogo.

Shuleni hakujifunza Kilatini, na Kilatini ndicho kilichokuwa mlango wa kazi za heshima. Baba yake, kwa imani yake, hakuvipenda vitabu vilivyotumika kukifundishia, akakataa. Kwa hiyo mzazi yuleyule aliyejinyima ili mwanawe asome ndiye pia aliyemfungia sehemu ya masomo. Akiwa na miaka 13 hivi, Thomas alitolewa shule akaingia karakana ya baba yake kujifunza kushona.

Ujana wake ulikuwa wa kuhangaika. Alikwenda baharini kwa muda katika meli binafsi iliyokuwa na kibali cha kuteka meli za adui. Alifungua duka lake la ushonaji, likamshinda. Alioa mwaka 1759, mkewe Mary akafariki mwaka uliofuata. Ndipo akaingia katika idara ya ushuru wa bidhaa, kazi ya kuzunguka kwa farasi kukagua pombe, chai, tumbaku na bidhaa nyingine madukani na maghalani, kisha kuandika hesabu kitabuni.

Hapa kuna tukio dogo ambalo naomba msomaji alikumbuke. Mwezi Agosti 1765 Paine alifukuzwa kazi kwa sababu aliandika kitabuni kwamba amekagua bidhaa ambazo kwa kweli hakuzikagua. Hakuwa peke yake. Kosa hilo lilikuwa la kawaida kiasi kwamba maafisa walikuwa na jina lake maalumu. Aliomba radhi kwa barua ya unyenyekevu mkubwa, na idara ikakubali kumrudisha nafasi itakapopatikana. Akiwa anasubiri, alifundisha Kiingereza katika shule za binafsi jijini London kwa mshahara wa pauni 25 kwa mwaka, nusu ya ule wa afisa ushuru. Kwa hiyo alijua pia maisha ya mwalimu asiyelipwa vya kutosha.

Mwaka 1768 alipangiwa mji wa Lewes, kusini. Huko alioa mara ya pili, akaendesha duka la mke wake, na akawa msemaji mzuri katika mabishano ya jioni kwenye nyumba ya wageni ya mji. Mwaka 1772 wenzake wa ushuru walimtuma aandike kijitabu cha kuliomba Bunge liwaongezee mshahara. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba pauni 50 kwa mwaka, ukitoa gharama za farasi na nauli, humfanya afisa awe maskini, na afisa maskini huandika kitabuni kile anacholipwa aandike. Alisema hivyo mtu ambaye mwenyewe aliwahi kuandika asichokiona. Bunge halikufanya lolote. Mwaka 1774 alifukuzwa tena, safari hii kwa kutokuwa kazini bila ruhusa. Vitu vya duka vilipigwa mnada, ndoa ikavunjika, na tarehe 30 Novemba mwaka huohuo alishuka Philadelphia akiwa anaumwa homa, na mkononi barua za utambulisho kutoka kwa Benjamin Franklin.

Sehemu inayofuata ndiyo iliyompa jina, na vitabu vimeieleza sana, kwa hiyo nitapita haraka. Januari 1776 alitoa kijitabu cha Common Sense kilichowashawishi wakoloni wa Marekani waachane na mfalme wa Uingereza. Kilisomwa kila mahali. Vita ilipokuwa mbaya aliandika makala za kuwatia moyo askari. Baada ya uhuru alirudi Ulaya akiwa na ramani ya daraja la chuma aliyoibuni mwenyewe, akakuta Ufaransa imeingia katika mapinduzi. Edmund Burke alipoyashambulia mapinduzi hayo mwaka 1790, Paine alimjibu kwa kitabu cha Rights of Man. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1791. Ya pili ilitoka Februari 1792, na humo ndimo umo mpango wenyewe.

Wakati huo Uingereza haikuwa na shule za serikali. Maskini walisaidiwa na parokia kwa kodi iliyotozwa wenye nyumba na mashamba, na msaada huo ulikuja na fedheha zake: mtu aliweza kurudishwa kwa nguvu parokia alikotoka ili asiwe mzigo kwa wengine. Paine alitaka kodi hiyo ifutwe kabisa. Kwa mahesabu yake, serikali ilikuwa ikikusanya takriban pauni milioni 17 kwa mwaka. Ikilipa riba ya madeni yake, ikapunguza majeshi na kuacha kuwalipa watu wasiofanya kazi ikulu, zingebaki zaidi ya pauni milioni 6. Badala ya kuzipeleka parokiani, zipelekwe kwa watu: wazee kuanzia miaka 50, wanaofunga ndoa, mama anayejifungua, na watoto.

Kwa familia maskini, serikali ingelipa pauni 4 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 14. Alihesabu watoto 630,000, jumla pauni 2,520,000. Fedha zingekwenda kwa mzazi, kwa sharti kwamba mtoto apelekwe kujifunza kusoma, kuandika na hesabu za kawaida.

Kisha akaja kundi la pili, na hapa ndipo penye daftari. Paine aliona kwamba kuna familia ambazo hazihesabiwi kuwa maskini lakini haziwezi kusomesha, na mtoto wa familia hiyo atakuwa na hali mbaya kuliko mtoto wa maskini anayesaidiwa. Nadhani alikuwa akiwaza nyumba ya Joseph na Frances pale Thetford, ingawa hakusema. Kwa watoto hao 400,000 alipendekeza shilingi 10 kwa mwaka za kumlipa mwalimu, kwa miaka 6, na juu yake shilingi 2 na nusu kwa mwaka za karatasi na vitabu vya kujifunzia kusoma. Pauni moja ilikuwa shilingi 20. Piga hesabu: jumla ni pauni 250,000, na ndivyo alivyoandika.

Nani angefundisha? Hakuzungumzia kujenga madarasa. Alisema kila kijiji kina watu, wanaume kwa wanawake, hasa waliokwisha kuwa na umri, wanaoweza kufundisha watoto. Alitaja wajane wa wachungaji walioachwa bila kitu: wanafunzi 20 kwa shilingi 10 kila mmoja, kwa miezi 6 tu ya mwaka, wangempatia mjane riziki. Fedha moja ingefanya kazi mbili.

Kwa hiyo wanaosema Paine alitaka fedha ya umma imfuate mtoto mpaka sebuleni kwa jirani, pamoja na bei ya karatasi, hawamsingizii. Lakini alikuwa afisa ushuru, na afisa ushuru hatoi fedha bila kitabu cha hesabu. Kwa watoto wa pauni 4 aliagiza wachungaji wa parokia, wa kila dhehebu, wathibitishe kwa pamoja mbele ya ofisi maalumu kwamba mtoto kweli anafundishwa. Wa kila dhehebu, kwa pamoja: mtoto wa mama Mwanglikana na baba wa Quaker alijua kwa nini asimwachie mchungaji mmoja.

Kuna tofauti nyingine. Mpango wa Paine ulikuwa wa maskini na walio jirani na umaskini. Arizona ilianza mwaka 2011 na watoto wenye ulemavu, lakini tangu mwaka 2022 kila mtoto wa umri wa shule anastahili, hata wa tajiri, na kiasi cha kawaida ni kama dola 7,000 kwa mwaka. Mzazi husaini mkataba na jimbo kwamba atahakikisha mtoto anafundishwa kusoma, sarufi, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii. Mabishano ya huko leo si juu ya vitabu vya hesabu, ambavyo hakuna anayevipinga. Ni juu ya vitu vya ziada, na mwaka 2024 ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo iliihoji idara ya elimu kuhusu manunuzi yasiyofungamana na mtaala wowote. Risiti inaonyesha kilichonunuliwa. Haionyeshi kama mtoto amejifunza, na shahidi wa aina ile aliyemtaka Paine hayumo.

Naye Paine aliacha pengo. Mpango wake wote ulisimama juu ya sahihi za watu wanaothibitisha kwamba wameona, lakini hakuandika nini kifanyike wakisaini bila kuona. Yeye, kuliko wote, alijua kwamba hutokea.

Serikali haikuujadili mpango. Kitabu kilipoanza kuuzwa kwa bei nafuu hata mafundi na vibarua wakakinunua, Paine alishtakiwa kwa uchochezi. Septemba 1792 alivuka kwenda Ufaransa, na Desemba mahakama ya London ikamtia hatiani asipokuwepo. Fedha ya kwanza ya elimu kutoka Bunge la Uingereza ilikuja mwaka 1833, pauni 20,000, na haikwenda kwa mzazi yeyote: ilipewa vyama viwili vya kidini vijenge shule.

Ufaransa walimchagua mbunge ingawa hakujua kuzungumza Kifaransa. Alipinga kuuawa kwa mfalme aliyepinduliwa, akataka apelekwe uhamishoni Marekani, na hilo lilimgharimu. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Desemba 1793 alikamatwa na kufungwa katika jela ya Luxembourg, Paris, kwa zaidi ya miezi 10, akiugua kiasi cha kukaribia kufa. Balozi mpya wa Marekani, James Monroe, ndiye aliyemtoa. Mwaka 1797 alitoa kijitabu cha Agrarian Justice, akipendekeza kila kijana anayefikisha miaka 21 alipwe pauni 15 kutoka katika kodi ya urithi wa ardhi. Bado alikuwa anaamini katika kumpa mtu fedha mkononi.

Alirudi Marekani mwaka 1802, lakini kitabu chake cha kuikosoa dini, The Age of Reason, kilikuwa kimemharibia jina. Alifariki New York tarehe 8 Juni 1809, na waliomsindikiza kaburini walihesabika kwa vidole. Watu wa Quaker walikataa azikwe katika makaburi yao, hivyo akazikwa shambani kwake New Rochelle. Mwaka 1819 mwandishi William Cobbett alifukua mifupa yake akaisafirisha Uingereza akitaka kuijengea kaburi la heshima. Fedha za ujenzi hazikupatikana, na Cobbett alipofariki mifupa ikapotea. Thetford wana sanamu yake iliyopakwa dhahabu tangu mwaka 1964, ameshika kalamu mkono mmoja na Rights of Man mkono wa pili. Kitabu hicho amekishika juu chini.