Joseph Paxton: Mtunza bustani aliyeupa mgomba jina la mwajiri wake

MKULIMA wa kandokando ya Mto Tana katika Kaunti ya Garissa anapotaka kuongeza migomba shambani hatafuti mbegu. Huchimbua chipukizi kwenye shina la mgomba mzazi, akalipanda katika shimo lenye samadi, akalinyunyizia maji yaliyovutwa mtoni kwa pampu.

Iwapo aliwahi kununua miche iliyokuzwa maabarani, yamkini shamba lake lina aina ziitwazo Williams au Grand Nain, ambazo zimesambazwa kwa wingi nchini tangu miaka ya 1990. Aina hizo ni za ukoo mmoja, Cavendish, na jina hilo lilitoka katika bustani iliyosimamiwa na Mwingereza Joseph Paxton.

Paxton alizaliwa mwaka 1803 katika kijiji cha Milton Bryan, Bedfordshire, akiwa mwana wa saba wa kiume katika familia ya wakulima. Alianza kazi ya bustani angali kijana mdogo, na mwaka 1823 akaajiriwa katika bustani ya Chama cha Kilimo cha Bustani huko Chiswick, karibu na London.

Ardhi ya bustani hiyo ilikuwa mali ya tajiri William Cavendish, aliyekuwa na cheo cha Duke wa Devonshire. Tajiri huyo alivutiwa na bidii ya kijana yule, na mwaka 1826 akamfanya msimamizi mkuu wa bustani za kasri lake la Chatsworth. Paxton alikuwa na umri wa miaka 22.

Alifika Chatsworth saa kumi na nusu alfajiri, akakuta milango imefungwa. Alikwea ukuta, akazunguka bustani yote, na ilipotimu saa kumi na mbili akawapangia vibarua kazi. Kisha alikaribishwa kwa kiamshakinywa na msimamizi wa nyumba, na hapo akampenda Sarah Bown, mpwa wa mwenyeji wake. Walioana mwaka 1827, na Sarah ndiye aliyeshika hesabu na shughuli za Chatsworth kila mumewe aliposafiri.

Mgomba uliomletea sifa ulikuwa na asili ya kusini mwa China, na ulifika Uingereza kupitia kisiwa cha Mauritius. Ulikuwa mfupi, na kwa hiyo ulitoshea vyema ndani ya nyumba ya vioo. Paxton aliupatia udongo wenye rutuba, joto na unyevu wa kutosha, akausubiri kwa miaka kadhaa.

Ulichanua Novemba 1835. Kufikia Mei 1836 ulikuwa umezaa ndizi zaidi ya 100, na tunda lake likashinda medali katika maonyesho ya Chama cha Kilimo cha Bustani. Kwa heshima ya mwajiri wake, Paxton aliuita Musa cavendishii.

Machipukizi ya mgomba huo hayakubaki Chatsworth. Mmisionari John Williams alipewa miche akaisafirisha hadi visiwa vya Samoa, na kutoka huko ikaenea katika visiwa vingine vya Bahari ya Pasifiki. Ukoo wa Cavendish ulifika sehemu nyingine za dunia kwa njia mbalimbali, lakini jina likabaki lile la Chatsworth.

Paxton hakuishia kwenye migomba. Mwaka 1849 alifaulu kuchanuza yungiyungi kubwa la Amazon, ambalo jani lake lilikuwa imara kiasi cha kumbeba binti yake mdogo. Uzoefu wake wa nyumba za vioo ulimsaidia kubuni jumba la chuma na vioo la Crystal Palace, lililojengwa London kwa ajili ya Maonyesho Makuu ya mwaka 1851. Mwaka huo alitunukiwa cheo cha Sir, na mwaka 1854 akaingia bungeni kuwakilisha mji wa Coventry. Aliaga dunia Juni 8, 1865, akiwa na umri wa miaka 61.

Lakini kuna jambo moja ambalo hata fundi huyu hakulifanya. Aliutunza mgomba na kuuzidisha; hakuuchanganya na mwingine ili kupata aina mpya. Cavendish haina mbegu, na chipukizi lake ni nakala ya mzazi. Ugonjwa unaoweza kuua mgomba mmoja unaweza kuua yote.

Hatari hiyo si ya kubuni. Katika karne ya 20, ugonjwa wa Panama, unaosababishwa na kuvu wa udongoni, uliangamiza mashamba ya Amerika ya Kati yaliyopandwa ndizi aina ya Gros Michel, ambayo majirani zetu wa Uganda huiita bogoya. Wafanyabiashara waliokolewa na Cavendish kwa kuwa ilistahimili ugonjwa huo. Hata hivyo, aina mpya ya kuvu huyo huishambulia Cavendish pia, na mwaka 2013 iliripotiwa kaskazini mwa Msumbiji.

Kwa sababu hiyo watafiti, na hata wapenzi wa mimea wanaojaribu bahati yao nyuma ya nyumba, hujishughulisha na kuzalisha migomba chotara. Kazi yenyewe hudai subira. Mtu huchukua chavua ya mgomba mwitu wenye mbegu, akaipaka asubuhi na mapema kwenye maua ya kike ya mgomba unaolimwa, kisha akangoja mkungu ukomae. Mara nyingi hupasua ndizi moja baada ya nyingine asipate mbegu hata moja. Ikipatikana, huenda ikahitaji kuoteshwa maabarani. Nchini Uganda, kazi ya miaka mingi ya namna hiyo imewapa wakulima aina chotara za matoke.

Mafuriko ya Mto Tana mwishoni mwa mwaka 2023 yalisomba mashamba mengi Garissa. Mkulima anayepanda upya baada ya hasara kama hiyo hutafuta miche popote inapopatikana, na pengine hujikuta na aina moja tu kutoka ukingoni hadi mwisho wa shamba.

Ni vyema achanganye aina mbili tatu, na akague chipukizi la kuazima kabla ya kulitia ardhini, maana kuvu wa Panama husafiri na udongo pamoja na miche. Paxton alikuwa na mgomba mmoja wa kuulinda, chini ya paa la vioo. Mkulima wa Tana ana shamba zima lililo wazi, na karo ya watoto wake imo humo.