Jan Łukasiewicz na Jibu la Tatu

Askari wa zamu aonapo kivuli gizani, hana majibu mawili tu ya adui au rafiki. Lipo la tatu: hajajulikana. Afyatuaye risasi kabla ya kulikiri jibu hilo huweza kumwua mwenzake. Jambo hili, ambalo kila mlinzi hulijua kwa mazoea, ndilo lililomshughulisha Jan Łukasiewicz, bingwa wa mantiki wa Polandi.

Alizaliwa tarehe 21 Desemba 1878 katika mji wa Lwów, uliokuwa chini ya utawala wa Austria na ambao leo ni Lviv, nchini Ukraine. Alipata udaktari wake huko mwaka 1902, na mwaka 1915 akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Warsaw. Polandi ilipopata uhuru alishika wizara ya elimu mwaka 1919, na baadaye akawa mkuu wa Chuo Kikuu hicho mara mbili.

Tangu kale wanamantiki walishikilia kwamba kila tamko ama ni kweli ama ni uongo. Aristotle mwenyewe aliingiwa na shaka juu ya tamko la kwamba kesho patakuwa na vita baharini. Ikiwa tamko hilo ni kweli tangu leo, basi jemadari hana la kuamua. Łukasiewicz aliikataa minyororo hiyo. Mwaka 1920 alitangaza mantiki ya thamani tatu: kweli, uongo, na yawezekana. Kwake yeye hilo lilikuwa suala la uhuru wa mwanadamu.

Septemba 1939 mabomu ya Wajerumani yaliiteketeza nyumba yake pamoja na maandishi yake. Hata hivyo alifundisha kwa siri wakati wavamizi walipokifunga Chuo Kikuu. Mwaka 1944 aliihama Warsaw, akapitia Ujerumani na Ubelgiji, na mwaka 1946 akapokewa Dublin, Ayalandi, kuwa profesa. Alifariki huko tarehe 13 Februari 1956, mbali na kwao.

Miaka miwili baadaye, Nikolay Brusentsov na wenzake wa Chuo Kikuu cha Moscow walikamilisha kompyuta iliyoitwa Setun. Badala ya sifuri na moja, ilitumia hasi moja, sifuri na moja. Faida yake ilikuwa dhahiri: nafasi sita za tarakimu mbili hutoa hesabu 64, bali nafasi sita za tarakimu tatu hutoa 729, tena namba hasi haikuhitaji alama ya pekee. Zilitengenezwa kama 50 hivi, kisha kazi ikasimamishwa.

Kwa nini hazikuenea? Kwa sababu transista hufunga na kufungua umeme kwa urahisi, lakini kupambanua viwango vitatu katikati ya misukosuko ya umeme ni kazi ngumu zaidi. Viwanda navyo vilikwisha kuzoea viwili. Hata hivyo, hifadhi za kompyuta za leo huweka viwango vinne, hata vinane, katika chembe moja, ingawa hulazimika kusahihisha makosa mara kwa mara.

Basi jibu la tatu halikushindwa kwa kukosa ukweli. Lilishindwa kwa gharama ya kulisoma. Mlinzi wa usiku huilipa gharama hiyo kila zamu, anaposimama, akauliza, na kungoja jibu kabla ya kufyatua.