Don Bosco na Vijana wa Torino

Giovanni Bosco alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kijiji cha Becchi, kaskazini ya nchi ya Italia. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini. Baba yake alikufa kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Margherita, akabaki na mzigo wa kulea peke yake. Mama huyo hakujua kusoma wala kuandika.

Giovanni alitaka sana kusoma. Kaka yake mkubwa alikataa. Aliona kwamba mtu wa jembe hana haja ya vitabu. Ugomvi ulipozidi, Giovanni aliondoka nyumbani akawa kibarua katika shamba la mtu mwingine. Baadaye alirudi shuleni, akiwa mkubwa kuliko wenzake. Ili apate chakula na mahali pa kulala, alifanya kazi kwa fundi cherehani na katika mkahawa. Kwa hiyo alijua mapema maana ya kutumwa na tajiri.

Mwaka 1841 akawa padri. Huko Italia padri huitwa Don, ndiyo maana watu walimwita Don Bosco. Alikwenda kukaa katika mji wa Torino. Wakati huo vijana wengi walitoka vijijini kuja mjini kutafuta kazi. Wengine walikuwa yatima. Walibeba mawe na chokaa kwenye majengo. Wengine waliiba, wakafungwa.

Don Bosco aliwatembelea gerezani. Jambo moja lilimsumbua sana. Vijana walioachiliwa walirudi gerezani tena. Nje hawakuwa na mtu wa kuwapokea wala wa kuwatafutia kazi.

Akaanza kuwakusanya kila Jumapili. Walisali, walicheza, walijifunza kusoma. Siku za kazi alikwenda kwenye majengo, akazungumza na kila kijana na tajiri wake. Majirani walichukia kelele, na kundi likafukuzwa huku na huko. Mwaka 1846 walipata banda mahali paitwapo Valdocco. Mwaka huohuo Don Bosco aliugua karibu ya kufa. Alipopona, Mama Margherita aliacha shamba lake akaja kumsaidia.

Kazi haikuwa rahisi. Usiku mmoja waliwalaza vijana wasio na makao. Asubuhi vijana hawakuonekana, na mablanketi hayakuonekana pia. Wengi wetu tungefunga mlango tangu siku ile. Lakini mwaka 1847, usiku wa mvua, alibisha hodi kijana yatima aliyefanya kazi ya uashi. Alikuwa amelowa na hana fedha. Mama Margherita alimkausha motoni, akampa chakula, akamtengenezea kitanda cha matofali na mbao. Huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa nao.

Don Bosco aliwatafutia vijana mafundi wa kuwafundisha. Mafundi wengine waliwapiga wanagenzi wao, au waliwatuma kazi za nyumbani tu. Mwanagenzi ni mtu anayejifunza ufundi. Basi Don Bosco akaandika mikataba. Mkataba mmoja wa mwaka 1852, wa kijana aliyejifunza useremala, umehifadhiwa mpaka leo. Fundi aliahidi kumfundisha kazi yote ya useremala. Aliahidi kumrudi kwa maneno, si kwa kipigo. Asimtume kazi isiyo ya ufundi. Ampe ujira unaopanda, na mapumziko ya siku 15 kwa mwaka. Kijana naye aliahidi utii na bidii. Kila mmoja alitia sahihi.

Tangu mwaka 1853 Don Bosco alianzisha karakana zake mwenyewe palepale Valdocco. Alianza na viatu na nguo. Baadaye zikaja za kujalidi vitabu, useremala, uhunzi na kupiga chapa.

Mama Margherita alikufa mwaka 1856. Bila jiko lake nyumba ile isingesimama. Mwaka 1859 Don Bosco aliunda shirika la Wasalesiani liendeleze kazi hiyo. Mwaka 1872 liliundwa shirika la masista kwa ajili ya wasichana. Aliliongoza Maria Mazzarello, ambaye alikuwa amekwisha kuwafundisha wasichana wa kijijini kwake kushona.

Don Bosco alikufa Torino tarehe 31 Januari 1888. Wasalesiani walifika Tanzania mwaka 1980. Huko Dodoma na Iringa wana shule ambamo vijana hujifunza ufundi.