Daktari Robert Graves na Jicho Lisilofumba

Wengi wetu tumemwona mtu aliyetokwa na macho kama aliyeshtuka, na shingo imemvimba. Watu hunong'ona kuwa ni jicho la hasidi au shetani. Madaktari huyaita maradhi ya Graves, kwa jina la tabibu ninayemweleza leo.

Robert James Graves alizaliwa Dublin, Ireland, tarehe 27 Machi 1796. Baba yake alikuwa kasisi na profesa wa dini. Alihitimu udaktari Trinity College mwaka 1818, kisha akazunguka Ulaya kutafuta elimu zaidi. Kijerumani alikijua sana, hata Austria wakamdhania jasusi wakamfunga siku kumi, kwani hakuwa na pasi. Husimuliwa pia kuwa safari moja baharini chombo kilivuja katika tufani, na mabaharia wakataka kukimbia na mashua. Graves akaitoboa mashua kwa shoka, akakata ngozi ya viatu vyake kutengenezea pampu, na wakaokoka.

Mwaka 1821 alirejea Dublin akafanya kazi Meath Hospital. Zamani hizo mwanafunzi wa udaktari alisikiliza na kutazama tu. Graves alimkabidhi kila mwanafunzi mgonjwa wake, ampime na atoe maelezo mbele ya kitanda. Tena ilikuwa desturi kumnyima chakula mwenye homa, na wengi walikufa kwa udhaifu. Yeye aliamuru walishwe. Alipowaona wamepona na kunawiri, alimwambia mwenzake kuwa hilo ndilo angependa liandikwe kaburini kwake: kwamba aliwalisha wenye homa.

Mwaka 1835 alichapisha khabari za wanawake watatu waliokuwa na rovu shingoni na moyo kwenda mbio. Akaongeza mwingine, ambaye macho yalimtokeza hata alipolala kope hazikufunga, na weupe ulionekana kuzunguka mboni yote. Daktari wa Kijerumani, Basedow, aliandika dalili hizo hizo mwaka 1840, na mpaka leo Wajerumani hutumia jina lake. Wanahistoria wa tiba humtaja pia tabibu Muajemi wa karne ya 12, al-Jurjani.

Graves alifariki tarehe 20 Machi 1853, akiwa na miaka 56. Eksirei ilikuja mwaka 1895, kwa hiyo hakuweza kuona kilichomo nyuma ya jicho. Leo tunajua kuwa kinga ya mwili hugeuka ikaishambulia tezi ya shingo pamoja na misuli na mafuta yaliyo nyuma ya jicho. Vikivimba, jicho husukumwa mbele. Picha za MRI huonesha hata msuli mwembamba unaoinua kope la juu ukiwa umenenepa, na ukikaza huivuta kope juu isishuke. Daktari akiziona picha hizo hujua uvimbe umefika wapi, na kama mshipa wa kuonea unabanwa.

Jicho lisilofumba hukauka, huingia vidonda, na laweza kupofuka. Sigara huzidisha maradhi haya. Basi ukimwona jamaa yako kope zimepanda, mikono inatetemeka na amekonda bila sababu, usimwache akae na minong'ono. Mpeleke hospitali apimwe damu na macho mapema.