Svante Arrhenius na Hesabu ya Makaa

Mataifa mengi yamejiwekea mwaka ambao hayatatoa tena hewa ya ukaa kupita kadiri inayoondolewa angani. Ni vyema basi wananchi wamjue mtu aliyekuwa wa kwanza kuipigia hewa hiyo hesabu, kwani maisha yake yana funzo kubwa.

Svante Arrhenius alizaliwa mwaka 1859 mahali paitwapo Vik, karibu na mji wa Uppsala, nchini Uswidi. Mwaka 1884 alitoa tasnifu juu ya umeme upitao katika maji ya chumvi, na walimu wake wakampa alama hafifu. Hakukata tamaa. Kazi ile ile iliyodharauliwa ndiyo iliyompatia Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1903, akawa Mswidi wa kwanza kuipata.

Akitafuta asili ya zama za barafu, alikaa mwaka mzima akipiga hesabu kwa kalamu na karatasi. Mwaka 1896 alitangaza kwamba hewa ya ukaa ikizidi maradufu, joto la dunia litapanda kwa digrii 5 au 6. Lakini alidhani jambo hilo litachukua maelfu ya miaka, na kwamba joto lingekuwa neema kwa nchi za baridi. Hapo alikosea, kwani moshi wa viwanda umekwenda mbio kuliko alivyokadiria.

Nchi yake ilikuwa na makaa ya mawe machache, ikayanunua ng'ambo, hasa Uingereza. Vita vya mwaka 1914 vilipoziba njia za bahari, Waswidi walitambua kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Wakazidi kuitegemea mito yao. Mtambo wa Porjus, katika mto Lule, ulikamilika mwaka 1915 na kuendesha reli ya madini ya chuma. Arrhenius mwenyewe, katika uzee wake, alionya kwamba makaa na mafuta ni akiba isiyorudi. Alifariki Stockholm mwaka 1927.

Waliobaki hawakufika kwa siku moja. Walichoma mafuta mengi, wakajenga mitambo ya nguvu za atomiki tangu miaka ya 1970, wakaweka kodi ya hewa ya ukaa mwaka 1991. Ndipo mwaka 2017 Bunge lao likapitisha shabaha ya mwaka 2045. Kwanza walikuwa na umeme wa kutosha viwandani na majumbani; kisha wakaupunguza moshi.

Sisi Tanzania tulipata msaada wa Uswidi kujenga bwawa la Kidatu, lililoanza kutoa umeme mwaka 1975. Maji hayana moshi. Lakini ukame wa mwaka 2006 ulituletea mgao wa umeme, mashine zikasimama na wafanyakazi wakakosa kazi. Gesi ya Songo Songo, iliyoanza kutumika mwaka 2004, ilikuwa tegemeo letu.

Basi yatupasa tuishike hesabu ya Arrhenius pande zote mbili. Moshi hapana budi upungue, kwani ukame na mafuriko humwumiza kwanza mkulima. Lakini hatuwezi kuzima mtambo wa gesi kabla ya maji, jua na upepo kuchukua mahali pake. Taifa huchagua njia kwa kutazama kilichomo ghalani mwake, wala si kwa kuazima kalenda ya jirani.