Joseph Murumbi

Joseph Anthony Zuzarte Murumbi (Eldama Ravine, 18 Juni 1911 – 22 Juni 1990) alikuwa mwanasiasa na mkusanyaji wa kazi za sanaa kutoka nchini Kenya. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na mwaka 1966 alishika cheo cha Makamu wa Rais kwa miezi michache tu. Jina lake limedumu zaidi kwa sababu ya vitabu, stempu, vinyago, vitambaa na mapambo ya Kiafrika aliyoyakusanya kwa miaka mingi, ambayo sehemu kubwa yake iko katikati ya jiji la Nairobi.

Maisha ya awali

Baba yake, Peter Zuzarte, alikuwa mfanyabiashara Mgoa. Mama yake alikuwa Mmaasai, binti wa laibon, yaani kiongozi wa dini na mganga anayeheshimiwa na jamii. Akiwa bado mtoto mdogo, Joseph alipelekwa Uhindi kusoma katika shule za Kikatoliki, akarudi Kenya mwaka 1933 akiwa kijana wa miaka zaidi ya 20. Katika nchi iliyowagawa watu kwa rangi, mtu wa nasaba mbili alitakiwa kuchagua upande. Baadaye alichukua jina la Murumbi kutoka upande wa mama yake, na ndilo alilojulikana nalo katika siasa.

Katika miaka ya 1940 alifanya kazi Somalia chini ya utawala wa kijeshi wa Waingereza.

Siasa na uhamisho

Aliporejea Kenya alijiunga na chama cha Kenya African Union. Serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari mnamo Oktoba 1952 na kumkamata Jomo Kenyatta pamoja na viongozi wenzake, Murumbi alikaimu nafasi ya katibu mkuu wa chama. Mwaka uliofuata aliondoka nchini kwenda kuitetea Kenya nje, na uhamisho huo ukachukua karibu miaka 9.

Muda mwingi aliishi London, akifanya kazi na Movement for Colonial Freedom, jumuiya iliyopinga ukoloni. Huko alikutana na Sheila Kaine, mkutubi Mwingereza ambaye baadaye alikuwa mke wake. Mapenzi yake ya vitabu yalikua katika miaka hiyo: maduka ya vitabu vikuukuu ya London yalikuwa na maandishi ya kale kuhusu Afrika ambayo Waafrika wenyewe hawakuwa nayo nyumbani.

Serikalini

Alirudi mwaka 1962 na kuchaguliwa mbunge mwaka 1963. Akawa Waziri wa Nchi, halafu Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 1964. Rafiki yake wa karibu Pio Gama Pinto, mwandishi na mbunge, aliuawa kwa risasi mjini Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Mauaji hayo yalimuumiza sana Murumbi.

Oginga Odinga alipojiuzulu umakamu wa rais mwaka 1966, Kenyatta alimteua Murumbi kushika nafasi yake. Kabla mwaka haujaisha naye alikuwa ameondoka, akafuatwa na Daniel arap Moi. Sababu iliyotajwa rasmi ilikuwa afya. Wengi wanaoandika juu yake huitaja pia huzuni ya kifo cha Pinto na kutoridhika kwake na mwenendo wa serikali. Hakurudi tena kwenye siasa. Aliingia katika biashara, akashughulikia pia Nyaraka za Taifa za Kenya.

African Heritage

Mwaka 1970 Mmarekani Alan Donovan alifika Kenya akitokea Nigeria. Alikusanya vitu vya Waturkana na kuvionyesha Nairobi. Murumbi alikwenda kuvitazama, na hapo urafiki wao ukaanza. Mwaka 1972 Murumbi, Sheila na Donovan walifungua African Heritage, jumba la sanaa lililouza na kuonyesha kazi kutoka pande zote za Afrika.

Wakati huo duka la sanaa la Nairobi kwa kawaida lilikuwa duka la watalii. African Heritage iliweka vinyago na vitambaa vya kale pamoja na kazi za wasanii walio hai, kama mchongaji Expedito Mwebe wa Uganda na Twins Seven Seven wa Oshogbo, Nigeria. Mteja aliona kwamba sanaa ya Afrika ilikuwa bado inatengenezwa, na kwamba mtengenezaji ana jina.

Nyumba ya Muthaiga

Mkusanyo wa Murumbi ulijaza nyumba yake ya Muthaiga: maelfu ya vitabu, vingi vikiwa vimechapishwa kabla ya 1900, stempu za nchi za Afrika, na kazi za sanaa. Wanunuzi wa ng'ambo waliutaka. Murumbi hakukubali utoke nchini. Katika miaka ya 1970 aliiuzia serikali ya Kenya nyumba pamoja na mkusanyo kwa bei nafuu, kwa makubaliano kwamba mahali hapo pawe taasisi ya masomo ya Afrika.

Taasisi hiyo haikuanzishwa. Vitabu na vitu vingi vilihamishiwa Nyaraka za Taifa, lakini kiwanja kiligawanywa na nyumba ikabomolewa. Murumbi, ambaye wakati huo alikuwa amehamia shamba lake la Intona huko Transmara, katika nchi ya Wamaasai, aliyaona hayo kabla ya kufa. Miti ya asili aliyokuwa ameitunza nayo ilikuwa imekatwa.

Kifo na mkusanyo baada yake

Alifariki mwaka 1990 baada ya kuugua kwa muda mrefu. Alizikwa City Park, Nairobi, kwa kuwa alitaka kulala karibu na kaburi la Pinto. Sheila alifariki mwaka 2000, naye akazikwa hapo. Karibu na makaburi yao kuna bustani ya kumbukumbu yenye sanamu za wachongaji wa Afrika.

Katika miaka ya 2000 jumba la maonyesho lenye jina la Murumbi lilifunguliwa kwenye ghorofa ya chini ya Nyaraka za Taifa, katika jengo la zamani la benki kando ya Moi Avenue. Ghorofani kuna vitabu vyake, ambavyo wanafunzi na watafiti huvisoma.