Lily Parr: Nyota aliyefungiwa viwanja asiutupe mpira

BINTI anayesakata kabumbu Kosele, katika Kaunti ya Homa Bay, anaweza kukabiliwa na vikwazo vingi, kuanzia uhaba wa vifaa hadi viwanja duni. Hata hivyo, hakuna kanuni ya shirikisho la soka inayomzuia kucheza kwa sababu tu ni mwanamke. Haki hiyo, inayoonekana leo kuwa jambo la kawaida, wanawake wa Uingereza waliwahi kunyang’anywa kwa takriban miaka 50. Miongoni mwa walioumizwa na marufuku hayo ni winga matata wa kushoto, Lily Parr.

Parr alizaliwa Aprili 26, 1905 mjini St Helens, kaskazini magharibi mwa Uingereza, katika familia ya watoto saba. Baba yake alikuwa kibarua katika kiwanda cha vioo. Kazi za ndani na ushonaji, zilizohesabiwa kuwa fani ya wasichana wa enzi hizo, hazikumvutia. Alijifunza soka na raga kwa kucheza na kaka zake. Alirefuka hadi kukaribia futi sita, na mguu wake wa kushoto ukajaliwa nguvu zilizowatia makipa kiwewe.

Wakati huo Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimewapeleka wanaume wengi vitani na kuwaingiza wanawake viwandani. Katika mji wa Preston, wanawake waliotengeneza silaha katika kiwanda cha Dick, Kerr waliunda timu yao. Siku ya Krismasi mwaka wa 1917, walicheza uwanjani Deepdale mbele ya mashabiki 10,000 na kuchangisha fedha za kuwatunza askari waliojeruhiwa.

Meneja wa timu hiyo, Alfred Frankland, alimwona Parr akiichezea klabu ya wanawake ya St Helens, akamsajili akiwa bado kijana mbichi. Wachezaji hawakuwa na mikataba kama ile ya wanasoka wa kulipwa wa leo. Walipewa shilingi 10 za Uingereza kwa kila mechi ili kufidia ujira waliokosa na gharama za usafiri. Kwa mtoto wa kibarua, fedha hizo hazikuwa haba. Parr naye alizilipa kwa mabao. Katika msimu wake wa kwanza alitikisa nyavu mara 43.

Umaarufu wa vipusa hao ulifikia kilele Desemba 26, 1920. Katika uwanja wa Goodison Park jijini Liverpool, watu wapatao 53,000 walifurika kuwatazama wakiilaza St Helens 4-0, huku maelfu wengine wakikosa nafasi ya kuingia.

Mwaka mmoja haukupita kabla ya mambo kugeuka. Desemba 5, 1921, Chama cha Soka cha Uingereza kiliamua kwamba mchezo huo haukuwafaa wanawake, na kikaviagiza vilabu vyake visiwape tena viwanja. Marefa waliosajiliwa na chama hicho nao walikatazwa kusimamia mechi zao. Chama kilidai pia kwamba sehemu kubwa mno ya mapato ya mechi hizo ilitumika kwa gharama nyingine badala ya kufikia wahisaniwa. Kwa uamuzi huo, timu iliyokuwa ikijaza viwanja vikubwa ilisukumwa hadi kwenye malisho ya mifugo na viwanja vya raga. Parr alikuwa na umri wa miaka 16 pekee.

Mnamo 1922 timu ilivuka bahari kwenda Kanada, lakini shirikisho la huko likakataa isicheze. Ikaelekea Marekani, ambako ilipangiwa timu za wanaume. Hata mbele ya wapinzani hao, Dick, Kerr ilipata ushindi katika baadhi ya mechi.

Kwa kuwa soka haikuweza tena kumhakikishia riziki, Parr alisomea uuguzi na kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Whittingham, karibu na Preston. Zamu za wodini hazikumtenga na mpira. Timu ilipobadilishwa jina na kuitwa Preston Ladies mwaka wa 1926, alibaki nayo. Aliendelea kucheza hadi 1951, akiwa na zaidi ya miaka 45. Mabao yake yanakadiriwa kukaribia 1,000, mengi yakiwa ya mechi zilizochezwa mbali na viwanja vya ligi.

Marufuku yaliondolewa miaka ya mwanzo ya 1970, Parr akiwa ameshatundika daluga kwa takriban miongo miwili. Alifariki Mei 24, 1978 kutokana na saratani ya matiti, akiwa na umri wa miaka 73. Hakuishi kuona Kombe la Dunia la kwanza la wanawake lililoandaliwa na Fifa, nchini China mwaka wa 1991. Wala hakuona mwaka wa 2024, wakati Junior Starlets walipokuwa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kushiriki Kombe la Dunia, katika fainali za wasichana wasiozidi umri wa miaka 17 nchini Jamhuri ya Dominika.

Heshima zilimjia akiwa kaburini. Mwaka wa 2002 alikuwa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika orodha ya magwiji wa soka ya Uingereza, na mwaka wa 2019 sanamu yake ikazinduliwa katika Makavazi ya Kitaifa ya Soka jijini Manchester. Hata hivyo, hakuna sanamu inayoweza kumrudishia mchezaji misimu aliyonyimwa. Karibu miaka 30 ya uchezaji wake ilipita nje ya viwanja ambavyo alikuwa amekwisha kuthibitisha, akiwa msichana, kwamba angeweza kuvijaza.